Dada wa Tanga anaenda Guangzhou mara ya kwanza: atakula wapi, ataodaje, na mezani kwa mwenye kiwanda afanyeje

Swali: "Asalaam alaykum. Mimi nauza vyombo vya ndani, niko Tanga. Mwezi wa kumi naenda Guangzhou kwa mara ya kwanza, kwenye maonesho ya Canton na kuzunguka masoko. Wenzangu waliotangulia wananiambia nibebe biskuti na tambi za pakti, eti chakula cha wenyeji hakiliki na kila kitu kina nguruwe. Mimi nataka kula kwenye migahawa yao ya kawaida kama watu wengine. Naodaje na Kichina sijui hata neno, nalipaje, na mwenye kiwanda kashasema atanipeleka kula usiku, nikae vipi nisimvunjie heshima wala nisivunje dini yangu?"

Waalaykum salaam dada yangu, na karibu sana. Nianze na jambo lenyewe: Guangzhou utakula, tena utakula vizuri na halali, bila kubeba katoni ya biskuti kwenye kilo zako za mzigo. Tatizo la watu wetu wengi ni kwamba wanaingia mgahawa wowote ulio karibu na hoteli waliyofikia, halafu wakishakaa ndo wanaanza kuhangaika na menyu, huyu anauliza hii ni kuku, yule anaonyesha picha, mhudumu haelewi, watu nyuma wanasubiri, mwisho wanatoka na hasira na njaa yao. Kule unachagua mgahawa kwanza, chakula baadaye. Ukishajua umesimama mbele ya mgahawa wa aina gani, habari ya nguruwe, habari ya kuoda na habari ya bei zote zinakuwa zimeshajibiwa zaidi ya nusu kabla hujakaa.

Kazi yangu ni kuwaongoza na kuwatafsiria wafanyabiashara wa kwetu huko mkoa wa Guangdong, ambako ndo Guangzhou ilipo, na kinachoniuma kila msimu ni kuona mtu kasafiri bara zima, ana hela, ana afya, halafu anashinda na soda na mkate wiki nzima kwa sababu ya woga. Na hizo tambi za pakti wanazokushauri, ukizinunua kulekule madukani nazo zinaweza kuwa na mafuta ya nguruwe kwenye kile kipakti cha viungo, kwa hiyo hata usalama wenyewe wanaousema haupo.

Sasa tuanze na aina ya kwanza, ambayo kwako wewe ndo nyumbani. Kuna maandishi mawili nataka uyapige picha kwenye simu leo leo: 清真. Yanatamkwa ching-jen. Mgahawa wenye maandishi hayo juu ya mlango ni mgahawa wa Kiislamu, unaendeshwa na Waislamu wa Kichina, nguruwe haingii na mara nyingi pombe pia haiuzwi. Usitafute maandishi ya Kiarabu peke yake, maana miaka ya karibuni kwenye baadhi ya miji ya China, Beijing ikiwemo, waliambiwa wayaondoe kwenye mabango, kwa hiyo unaweza kupita mbele ya mgahawa halali kabisa na usiujue. Tafuta hizo herufi mbili. Mabango yao mengi ni ya kijani au bluu, na ukiyabandika hayo maandishi kwenye ramani ya simu inayoitwa Amap, yenye lugha ya Kiingereza pia, itakutolea migahawa yote ya karibu na pale uliposimama.

Wengi wao utakaowakuta ni wauza tambi za kuvuta kwa mkono, bango linasema Lanzhou Lamian. Lanzhou ni mji wa kaskazini magharibi, makao makuu ya mkoa wa Gansu, ila wenye hivyo vibanda vilivyotapakaa kusini mwingi wao ni Waislamu wa wilaya ya Hualong, mkoa wa Qinghai, familia nzima inahama, baba anavuta unga, mama yuko kwenye kaunta, mtoto anafanya homework kwenye meza ya pembeni. Menyu yao iko ukutani, ina picha na bei, kwa hiyo unanyoosha kidole tu. Anza na bakuli la tambi za supu ya nyama ya ng'ombe, 牛肉拉面, supu nyepesi ya mifupa, vipande vya figili nyeupe, majani ya giligilani, nyama iliyokatwa nyembamba, pilipili ya mafuta unajiwekea mwenyewe mezani pamoja na siki nyeusi. Bakuli lile utalipata kwa yuani, hela ya China, 15 hadi 20 hivi, na ni mlo kamili. Ukitaka wali mwambie 盖饭, gai-fan, ni sahani ya wali na mchuzi juu yake, kuna wa nyama na viazi, kuna wa nyanya na mayai ambao mgeni yeyote wa kwetu anaukubali siku ya kwanza. Na ukiwa mko watatu au wanne, oda ile sinia ya kuku mzima aliyekatwakatwa na viazi na pilipili hoho, 大盘鸡, da-pan-ji, halafu wanakuletea tambi pana unazimwaga kwenye mchuzi ukishapungua. Hapo mtakula mpaka mnyamaze.

Pia kuna migahawa ya Wauyghur, watu wa Xinjiang, hao wana mishkaki ya kondoo yenye bizari nyembamba na pilipili, mikate ya duara inayookwa kwenye tanuri, na wali wa kondoo na karoti ambao ukiuona tu utajua undugu wake na pilau yetu. Kama wewe ni mtu wa kuogopa ladha ngeni, hapo utapumua. Ijumaa ukiwa Guangzhou nenda ukaswali msikiti wa Xianxian, karibu na bustani ya Yuexiu, pale panapotajwa kuwa na kaburi la sahaba Saad bin Abi Waqqas, baada ya swala nje pale kunakuwa na wauzaji wa mishkaki, mikate, nyama na matunda makavu. Mtaa wa Xiaobei hauko mbali, na ndo eneo ambalo Waafrika na Waarabu wengi wanafikia, migahawa ya halali iko kila kona. Ila sikushauri ukae Xiaobei tu na kula chakula cha Kiafrika na cha Kiarabu siku zote, hukwenda kule kwa ajili hiyo na umeniambia mwenyewe unataka kula cha wenyeji.

Ombi moja: kwenye migahawa hii ya Kiislamu usiingie na chakula ulichonunua nje, hata kama ni soseji ya mwenzako iko ndani ya mfuko imefungwa, wala usimruhusu mwenzako aingie na bia. Wanaumia sana, na wanakuwa hawana lugha ya kukueleza, utaona tu mtu kanuna.

Aina ya pili ni migahawa ya kawaida ya watu wa Guangzhou wenyewe, na hapa nitakaa kidogo maana hapa ndo swali lako lilipo. Wenzako wanaosema kila kitu kina nguruwe wametia chumvi, lakini hawajakosea kabisa. Nguruwe kwa Wachina wengi ndo nyama ya kila siku, kiasi kwamba kwenye menyu ukiona neno nyama, 肉, bila kutajwa mnyama, hesabu kuwa ni nguruwe. Ng'ombe ataandikwa 牛, kondoo au mbuzi 羊, kuku 鸡, samaki 鱼, kamba 虾. Herufi ya nguruwe mwenyewe ni 猪. Hizo sita ukizizoea macho yako utashangaa menyu inavyoanza kusomeka.

Ila shida kubwa haiko kwenye nyama inayoonekana, iko kwenye ile isiyoonekana. Mboga za majani unazoziona zinang'aa kwenye sahani, zinaweza kuwa zimekaangwa kwa mafuta ya nguruwe, na kama kwenye jina lake kuna 上汤, maana yake zimewekwa kwenye supu nzito ambayo kwa kawaida inapikwa kwa kuku na nguruwe pamoja. Supu za Guangzhou zinazochemka masaa na masaa, wanazozipenda kuliko kitu chochote, nyingi ni za mifupa ya nguruwe. Tofu, ile ya maharage ya soya, ikipikwa kwa pilipili ya mkoa wa Sichuan, yaani mapo tofu, inanyunyiziwa nyama ya kusaga. Wali wa chungu unawekewa soseji za nguruwe juu. Na samaki wa kuvukiza na tangawizi na majani ya vitunguu, ambaye ni mtamu sana na ndo anaonekana salama kuliko wote, amepikwa jiko lilelile na mara nyingine ametiwa mvinyo wa kupikia. Kwa hiyo kama wewe ni mtu wa kushika kabisa, kwa chakula chako cha kila siku kaa kwenye ching-jen na moyo wako utatulia. Kama wewe ni katika wale wanaokula samaki na mboga popote, basi uliza kabla. Mimi sio sheikh, hiyo hukumu kaichukue kwa shekhe wako kabla hujapanda ndege, mimi nakupa tu hali halisi ya jikoni ili ukimuuliza umuulize ukiwa unajua.

Kuuliza kwenyewe ni hivi, nakili sentensi hii uiweke kwenye simu, uifanye iwe picha ili ifunguke hata bila mtandao: 我是穆斯林，不吃猪肉和猪油，也不喝酒。 Inasema wewe ni Mwislamu, huli nguruwe wala mafuta yake, na hunywi pombe. Muonyeshe mhudumu kabla hujakaa, sio baada. Akikunja uso akaenda kuuliza jikoni, hiyo ni dalili nzuri, ina maana anakujali. Akitingisha mkono tu, shukuru uondoke, hakuna atakayekasirika. Kuna pia migahawa ya mboga tupu ya Kibudha, inaandikwa 素食, humo nyama ya aina yoyote haimo, na wana ufundi wa kupika uyoga na tofu mpaka unasahau kama hujala nyama. Mimi binafsi naona watu wetu wanaipuuza bila sababu.

Na kifungua kinywa cha Guangzhou, hiki nakwambia kwa uchungu kwa sababu nakipenda, ile chai ya asubuhi na vitafunwa vidogovidogo vya kuvukiza kwenye vikapu vya mianzi, ndo sifa ya mji wenyewe, wazee wanaingia asubuhi na gazeti wanatoka saa tano. Lakini kwa Mwislamu ni eneo la mitego. Siu mai ni nguruwe na kamba, char siu bao ni nguruwe, har gow ya kamba kwa kawaida inatiwa vipande vya mafuta ya nguruwe ili iwe laini, ule wali uliofungwa kwenye jani una soseji ndani, na uji wao maarufu ni wa yai jeusi na nguruwe. Ukialikwa huko asubuhi nenda, kaa, kunywa chai, chai yao ni nzuri mno, kula matunda, ila usijilazimishe.

Sasa kuoda. Migahawa mingi siku hizi haikupi menyu ya karatasi. Kwenye kona ya meza kumebandikwa QR, unaiskani na WeChat au Alipay, apu za Kichina ambazo utalipia nazo pia, menyu inafunguka na picha na bei, unachagua, unatuma, na chakula kinakuja bila kuongea na mtu. Kwa asiyejua Kichina hii ni neema, mradi simu yako iwe na bando na uwe na namna ya kutafsiri. Google imefungwa China, kwa hiyo usitegemee kutafsiri kwa Google ukiwa kwenye wifi ya hoteli. Pakua Kichina cha kutumia bila mtandao kwenye apu ya kutafsiri kabla hujaondoka Tanga, au tumia rominga ya laini ya nyumbani, hiyo inapita mtandao wa kwetu na Google inafunguka, au tumia kitufe cha kutafsiri kilichomo ndani ya Alipay na WeChat zenyewe. Ukishindwa vyote, simama, tembea mpaka meza ya jirani, nyooshea kidole sahani inayokuvutia. Wachina hawaoni aibu kwa hilo, mara nyingi watacheka vizuri na kukuonyesha ipi tamu.

Kumuita mhudumu unaita kwa sauti. Kwetu tungesema huyu hana adabu, kule kukaa kimya na kungoja mtu akuone ndo utalala na njaa. Fu-wu-yuen! inatosha popote China, na Guangzhou wenyewe wanaita leng-jai kwa kijana wa kiume na leng-loi kwa msichana, ni namna ya kumsifu mtu uzuri, na ukiita hivyo wewe mgeni watakuhudumia kwa furaha. Wali mwambie mi-fan mapema kabisa, kwa sababu wasipoambiwa wanaweza kuuleta mwishoni wakati mboga zimeshapoa. Bila pilipili ni bu-la, ingawa chakula cha Guangdong chenyewe hakina ukali, wenye pilipili na ile ganzi ya mdomo ni watu wa Sichuan na Hunan. Kijiko ni shao-dz. Usione haya kuomba kijiko, ila jaribu vijiti, hata wakikuona unapata tabu wanapenda kwamba umejaribu.

Nusu saa kabla ya kwenda kula angalia saa. Mchana wanakula kuanzia saa tano na nusu mpaka saa saba na nusu hivi, jioni kuanzia saa kumi na moja na nusu mpaka saa mbili, na katikati hapo migahawa mingi ya kawaida jiko linazimwa, wafanyakazi wanalala juu ya meza kabisa. Wewe ukimaliza mambo ya sokoni saa tisa alasiri, ni wale wa tambi ndo watakuokoa, wengi wao wanapika mchana kutwa mpaka usiku.

Kuhusu bei, kuna vitu vidogo vitakushtua kwenye bili na sio wizi. Guangzhou wanatoza hela ya chai kwa kila kichwa, umekunywa hukunywa, na pakti ya tishu iliyowekwa mezani inalipiwa ukiifungua, na vile vyombo vilivyofungwa kwenye plastiki pia vina senti zake. Vyombo hivyo utaona wenyeji wanavisuuza kwa chai ya moto au maji moto, wanapitisha vijiti, kikombe na bakuli, maji yanamwagwa kwenye bakuli kubwa lililoletwa kwa kazi hiyo. Fanya nao, ni desturi ya mkoa ule na ni njia rahisi ya kuonekana mtu wa watu. Bakshishi hakuna. Ukiacha hela mezani mhudumu atakukimbiza barabarani akidhani umesahau.

Pale pa kuwa macho kabisa ni samaki na kamba walio hai kwenye matangi ya maji mlangoni. Bei yao inaandikwa kwa jin, ambayo ni nusu kilo, sio kilo, na kwa vitu vya ghali mara nyingine inaandikwa kwa liang, gramu 50 tu, kwa hiyo namba ndogo ukutani inaweza kuwa bei kubwa mezani. Ukiona 时价 maana yake bei ni ya siku hiyo, uliza. Wao wenyewe wana utaratibu wa kumpima samaki mbele yako na kukuonyesha akiwa hai kabla hajaenda jikoni, ukubali hapohapo na uandikiwe jumla kwenye kalkuleta. Wakikuhesabia kwa vidole ujue kuwa kidole gumba na kidogo vikinyooshwa ni sita, gumba na cha shahada ni nane, sio mbili, watu wetu wengi huwa wanachanganyikiwa hapo.

Kulipa ni kwa simu karibu kila mahali, kuanzia mgahawa mkubwa mpaka muuza viazi vya kuchoma. Pakua Alipay na WeChat ukiwa bado nyumbani, jisajili kwa namba yako ya Tanzania, unganisha kadi yako ya Visa au Mastercard. Fanya hivyo kabla ya safari, kwa sababu benki itatuma namba ya uthibitisho kwa meseji na ukiwa kule laini yako inaweza isipokee, halafu nenda benki uhakikishe kadi imefunguliwa kwa manunuzi ya mtandaoni ya nje ya nchi, wengi wanakwama hapo tu. WeChat mara nyingine inataka mtu mwenye akaunti akuthibitishe, mwenye kiwanda wako anaweza kukusaidia. Malipo yasiyozidi yuani 200 hayakatwi ada kwa kadi za nje, yakizidi wanakata asilimia 3, kwa hiyo chakula cha kawaida hakikugusi. Ila kadi ya nje haiwezi kutuma hela kwa mtu binafsi, inalipa wafanyabiashara waliosajiliwa tu, na vibanda vidogo vingine vinatumia akaunti ya mtu binafsi, utaona malipo yanakataa bila maelezo. Kwa ajili hiyo tembea na noti. Sheria ya China inawataka wapokee pesa taslimu, noti yao kubwa kabisa ni ya yuani 100, lakini chenji wanaweza wasiwe nayo, basi zibadilishe ziwe za 10 na 20 kwenye supamaketi. Ukimaliza kula sema mai-dan, bili inakuja.

Tumebaki na mwenye kiwanda. Hili dada usiliogope, ila usilingojee lifike mezani. Mwandikie kwenye WeChat siku mbili kabla, kwa ile sentensi niliyokupa hapo juu, uongeze kwamba ungependa mgahawa wa 清真. Wachina wenye viwanda vya kuuza nje wamezoea wateja Waislamu wa Uarabuni na wa kwetu, atafurahi kwamba umemrahisishia kuliko aje akuagizie meza ya yuani elfu moja ukae unaitazama. Wenzetu wengi wanaona aibu kusema mapema, halafu mezani wanasema wameshiba, na hapo ndo mwenyeji anavunjika moyo kweli kweli, kwa sababu kwake chakula ndo heshima aliyokuandalia.

Ukifika usikimbilie kiti. Ngoja uonyeshwe, kiti kinachotazama mlango ni cha heshima, kawaida mwenyeji au mgeni mkubwa. Meza itakuwa ya duara yenye sahani kubwa ya kuzunguka katikati, sahani za chakula ni za wote, unachukua kidogo kidogo kuja kwenye bakuli lako, na unazungusha taratibu ukihakikisha hakuna anayechota. Kama kuna vijiti vya kugawia tumia hivyo. Yeye atakuwekea vipande vizuri kwenye bakuli lako, ni upendo huo, mshukuru. Vijiti usivisimamishe kwenye wali hata kwa sekunde, vinafanana na ubani wanaowachomea marehemu, utaona meza nzima imekunja uso. Ukila na wenyeji wa pwani, samaki mzima akiisha upande wa juu usimgeuze, watu wa bahari wanaona ni kuombea mashua ipinduke, mnatoa mfupa wa kati mnaendelea na upande wa chini. Kuinua bakuli mpaka mdomoni ni sawa kabisa, na kuvuta tambi kwa sauti pia. Mtu akikumiminia chai gonga meza kidogo kwa vidole viwili, ndo asante ya Guangdong, huna haja ya kukatiza mazungumzo. Birika likiisha, funua mfuniko uuweke kando, watakuja kujaza.

Pombe. Kwenye mgahawa wa Kiislamu mara nyingi haitakuwepo na habari imeisha. Mkiwa kwingine atanyanyua kikombe na kusema gan-bei, wewe nyanyua chai yako na mwambie yi-cha-dai-jiu, ni kauli wanayoijua wote kwa mtu anayenywa chai badala ya pombe, hakuna atakayekushikilia, na watu wa Guangdong kwa hilo sio wasumbufu kama wa kaskazini. Gonganisha kikombe chako kikiwa chini kidogo ya kikombe cha mtu mzima kuliko wewe. Usinyamaze tu na kusukuma glasi pembeni, hiyo inasomeka vibaya.

Chakula kitakuwa kingi kupita kiasi, ndo ukarimu wao, usihangaike kumaliza kila sahani. Mwaka 2021 walitunga sheria ya kuzuia upotevu wa chakula na mgahawa unaruhusiwa hata kutoza wanaobakisha kupita kiasi, kwa hiyo mwisho wa mlo kusema da-bao na kufungiwa mabaki ni kawaida kwa matajiri na maskini. Bili atalipa yeye. Nyoosha mkono mara moja kwa adabu, akikataa acha, usigombane nae mpaka mwisho maana yeye ndo kaalika. Unarudisha wema kwa kumualika wewe kabla hujaondoka, na hapo chagua mgahawa wa Wauyghur au ule wa tambi, mwagizie da-pan-ji, mishkaki na ule wali wa kondoo, sahani nne au tano kwa watu wanne zinatosha, lipa mapema kaunta wakati yeye bado anakula ili asikuwahi. Zungumzeni bei za vyombo kesho yake ofisini, usiku huo muulize habari za watoto wake na mji aliotoka.